Usiku wa Uhuru 1961: kwa nini redio ya babu ilinyamaza saa sita kamili?

#1 MjukuuWaNansio
Wakuu, salaam. Naleta hapa jambo ambalo limetugawa kwenye familia, huenda wajuzi wa redio za zamani na wa historia wakatusaidia.

Babu yangu kazaliwa 1938, ni mtu wa Ukerewe, kijiji si mbali na Nansio. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 alikuwa kijana wa miaka 23. Kaka yake alikuwa karani wa chama cha ushirika cha pamba, na ndiye pekee pale kijijini aliyekuwa na redio: ya mbao, betri yake pembeni kubwa kama tofali, na waya wa antena umepanda juu ya mwembe. Kijiji kizima kilikuja kukaa nje ya nyumba yake. Watoto waliambiwa atakayekohoa ataondoka.

Babu anasema mtangazaji alikuwa akisimulia yanayoendelea uwanjani Dar es Salaam. Ilipokaribia saa sita akasema jambo kuhusu taa, na hapohapo redio ikanyamaza. Kimya. Muda wake, kwa kipimo chake, ni "kuvuta sigara nusu". Mzee mmoja akanyanyuka akasema, "Mwingereza amekata waya." Mama mmoja akaanza kulia. Halafu sauti ikarudi, watu wengi wanaimba, na kijiji nacho kikaimba.

Baba anasema babu ametia chumvi. Shangazi anasema ni betri. Mimi nimemsikia babu akisimulia mara zisizopungua ishirini na hajawahi kubadilisha hata neno moja. Kimya kile kilikuwa nini?

#2 Kandokando
Nakaa mkeka wa mbele. Endeleeni.

#3 MwalimuMstaafu_Kg
Mjukuu, babu yako yuko sahihi kuliko mnavyodhani. Sherehe ilikuwa Uwanja wa Taifa (sasa Uwanja wa Uhuru), na ilipangwa hivi: saa sita usiku taa zote zizimwe, bendera ya Mwingereza iteremshwe gizani, kisha taa ziwashwe na watu waione ya Tanganyika ikiwa juu, kijani, nyeusi na dhahabu. Wakati huohuo Luteni Alexander Nyirenda alikuwa kileleni Kilimanjaro na mwenge na bendera.

Mtangazaji anayeona giza anasimulia nini? Ananyamaza. Kwa hiyo kilichosikika Ukerewe ni giza la uwanjani. Kwangu maelezo yameishia hapo.

#4 Chalinze_Express
Nakumbuka babu zetu walisema Malkia mwenyewe alikuja kukabidhi, RTD ikatangaza moja kwa moja, na ile ngoma ya Mzee Morris ikapigwa kabla ya taarifa. Labda walinyamaza kupisha ngoma.

#5 MwalimuMstaafu_Kg
@Chalinze #4, hapo kuna mambo matatu ya kunyoosha. Malkia hakuja, alimtuma mumewe, Mwanamfalme Philip. RTD haikuwepo bado. Redio yetu ilianza Julai 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam, 1956 ikawa shirika, Tanganyika Broadcasting Corporation, na jina la Radio Tanzania Dar es Salaam likaja 1965. Kwa hiyo usiku ule watu walisikiliza TBC, ila msiichanganye na TBC ya leo, herufi zimefanana tu. Na ngoma ya Mzee Morris Nyunyusa, yule kipofu mwenye mikono ya ajabu, iliingia kwenye taarifa ya habari baadaye.

#6 Chalinze_Express
Nimepokea, mwalimu. Ila ngoma ile ilikuwa inanisimamisha nywele, hilo usininyooshe.

#7 FundiValvu
Wadau, nimetengeneza redio miaka 40, nilirithi benchi la baba. Naheshimu maelezo ya #3 ila naungana na shangazi.

Redio za betri za wakati ule zilikuwa na taa nne au tano za kioo (valvu). Betri moja kubwa ilikuwa na sehemu mbili ndani: sehemu ya volti moja na nusu ya kuwasha nyuzi za taa, na sehemu ya volti 90 ya kusukuma umeme ndani ya taa. Ile volti moja na nusu ikishuka, taa ya kwanza kugoma ni ile inayozalisha wimbi la ndani la kuchanganya na wimbi la stesheni. Na haigomi polepole, inakata ghafla! Tena inaanza kugoma kwenye masafa mafupi, ambayo ndiyo watu wa mbali walisikilizia Dar. Unazima redio, betri inapumzika dakika chache, inajikusanyia nguvu kidogo, unawasha, sauti hiyo. Betri kavu zina tabia hiyo, ndiyo maana watu walikuwa wakizianika juani.

Redio ilikuwa imewashwa tangu jioni, kijiji kizima kinasikiliza, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Saa sita betri imechoka. Mambo ya kawaida kabisa.

#8 Nyamagana_
Kuanika betri juani, halafu unazing'ata kidogo kwa meno. Baba alikuwa na alama za meno yake kwenye kila betri ya nyumba, ukiiba ya tochi anajua.

#9 MjukuuWaNansio
@FundiValvu #7 asante sana. Nimempigia babu. Anasema betri ilikuwa mpya, kaka yake aliifuata Mwanza kwa meli wiki hiyohiyo kwa ajili ya usiku ule, na alilipa fedha aliyobakiza kwenye pamba ya msimu. Na anasema hakuna aliyegusa redio, wote waliogopa kuigusa.

#10 FundiValvu
Mpya dukani si mpya kiwandani. Betri inaweza kukaa ghalani mwaka mzima kwenye joto la ziwa, ukainunua ikiwa imeshakula nusu ya maisha yake. Ila hilo la kutoigusa linanisumbua, nakiri. Mara nyingine taa ile inarudi yenyewe bila kuzimwa, nimeona, ila si mara nyingi.

#11 MitaSitini
Mimi ni mpenzi wa masafa mafupi, naomba niongeze upande mwingine. Mawimbi ya masafa mafupi yanafika mbali kwa kugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini. Tabaka hilo linatiwa nguvu na jua. Usiku linadhoofu, na wimbi lililokuwa likirudi vizuri saa mbili linapenya na kupotelea juu. Halafu jua lenyewe lilikuwa kwenye kilele cha madoa yake mwaka 1957 na 1958, kufikia mwisho wa 1961 lilikuwa limeshapoa. Kwa hiyo stesheni kufifia usiku wa manane ni jambo la kutarajiwa. Hii ya "ilinyamaza kisha ikarudi" ndiyo tabia yake hasa.

#12 FundiValvu
@MitaSitini, tabaka nalijua ingawa sikulisoma darasani. Dar mpaka Nansio kwa mstari wa moja kwa moja ni zaidi ya kilomita 800. Kwa umbali huo wimbi linapanda kwa mlalo, halipandi wima, na likipanda kwa mlalo linarudi kirahisi hata tabaka likiwa limechoka. Wangepotea kwanza watu wa Morogoro na Dodoma. Na sisi tuko karibu na ikweta, saa sita tabaka bado lina nguvu. Linaishiwa karibu na alfajiri, saa tisa, saa kumi.

#13 MitaSitini
Hoja nzito. Nakubali kuhusu umbali. Ila sikubali kwamba saa sita halifiki kuyumba, nimesikiliza masafa ya mita 60 usiku kwa miaka mingi, sauti inakuja na kuondoka kama mawimbi ya pwani, dakika moja mpaka tatu. Kuvuta sigara nusu ni dakika ngapi?

#14 Kandokando
Inategemea sigara ya nani. Ya kuombewa inaisha upesi.

#15 BintiMagomeni
Habari za humu. Mama yangu alikuwa uwanjani usiku ule, ana miaka 81 na akili yake iko timamu. Nimemsomea uzi huu wote jikoni.

Anasema @MwalimuMstaafu_Kg amesema kweli kuhusu taa kuzimwa, lakini kimya hakikuwepo. Taa zilipozimika watu walipiga kelele, wengine vigelegele, wengine wanaita majina ya watoto wao kwenye giza. Yeye alishika kanga ya dada yake asipotee. Taa zilipowaka na bendera iko juu, kelele zikazidi mpaka masikio yakauma. Kama redio ilikuwa na kipaza sauti pale, basi babu angesikia kelele. Asingesikia kimya.

Amesema pia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: kwamba alilia, na hakujua analilia nini, na dada yake alimcheka.

#16 MwalimuMstaafu_Kg
Mpe mama heshima zangu. Basi narekebisha: mtangazaji alinyamaza, lakini uwanja haukunyamaza. Narudi nyuma hatua moja, sijaondoka.

#17 Mitambo_Moja
Nimefanya kazi ya sauti kwenye matangazo ya nje. Matangazo kutoka uwanjani yalikuwa yanapelekwa studio kwa laini ya simu. Swali langu ni dogo: aliyezima taa za uwanja alizima taa peke yake, au alishusha swichi kubwa? Kama mitambo ya mtangazaji ilikuwa imeunganishwa kwenye umeme uleule, taa zikizimika na sauti inakatika. Taa zikirudi, sauti inarudi, na hizo taa za valvu zinahitaji nusu dakika kupata moto kabla hazijapitisha kitu. Hapo unapata kimya, kisha watu wengi wanaimba. Sawasawa na alivyosema babu.

Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema yamenikuta mimi, kwenye sherehe moja mkoani, kwa sababu hiyohiyo, na sitasahau nilivyotokwa na jasho.

#18 FundiValvu
Mafundi makini wa matangazo ya nje walibeba betri zao. Usiku wa Uhuru nani angethubutu kutegemea swichi ya uwanja?

#19 Mitambo_Moja
Wewe unazungumzia mafundi makini. Mimi nazungumzia mafundi niliofanya nao kazi.

#20 OmondiKisumu
Hamjambo majirani. Nataka kuuliza jambo ambalo hamjaliuliza: mna hakika walikuwa wanasikiliza Dar? Kisumu tulikuwa na stesheni yetu, na kutoka Kisumu hadi Ukerewe ni kama kilomita 300, sehemu kubwa maji. Masafa ya kati usiku juu ya maji yanasafiri vizuri sana. Marehemu babangu alikuwa akisema watu wa upande wenu walikuwa wanatuma salamu kwetu. Kama Kisumu ilikuwa inapokea matangazo kutoka Dar na kuyarusha tena, mnyororo ukakatika Nairobi au njiani, kimya kingesikika Ukerewe na kisisikike Dodoma.

Halafu kuna hili: sisi tulipopata Uhuru usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963, taa zilizimwa vilevile, bendera ikashuka gizani, na Philip huyohuyo alikuwepo. Je, babu anaweza kuwa amechanganya nyusiku mbili? Nyanya yangu alichanganya Uhuru na harusi yake mpaka akafariki, kwake ilikuwa sherehe moja.

#21 Nyamagana_
Yaani Mkenya kaja kuchukua mpaka kimya chetu. Mlima mnasema ni wenu, sasa na hiki.

#22 OmondiKisumu
Mlima uko kwenu, tunauona vizuri tukiwa kwetu. Kimya nawaachia.

#23 MjukuuWaNansio
Nimecheka hapa peke yangu. @OmondiKisumu nimemuuliza babu. Anasema ilikuwa Dar, kwa sababu kaka yake aliweka alama ya wino kwenye kioo cha redio mahali Dar ilipo, na mshale ulikuwa kwenye alama. Ila kwenye kueleza siku hiyo ilivyokuwa, kasema jambo jipya: asubuhi yake walikwenda misa Kagunguli, wakarudi kwa mguu, ndiyo maana wengine walisinzia kabla ya saa sita.

#24 Mhesabu_Siku
Simama hapo. 9 Desemba 1961 ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo usiku wenyewe ni Ijumaa kuamkia Jumamosi. Nani anakwenda misa Ijumaa kijiji kizima? Lakini 9 Desemba 1962, siku Tanganyika ilipokuwa Jamhuri na Mwalimu akaapishwa kuwa Rais, ilikuwa Jumapili. Misa asubuhi, redio usiku. Babu anakumbuka sherehe za Jamhuri na ameziunganisha na za Uhuru. Kumbukumbu inafanya hivyo, haimpunguzii mzee kitu.

#25 Chalinze_Express
Duh! Huyu kafunga uzi.

#26 SrMstaafu_Bukoba
Haujafungwa, wanangu. Tarehe 8 Desemba ni sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Kwa Wakatoliki ni sikukuu kubwa, iangukie siku yoyote. Kagunguli ni misheni ya Mapadre Weupe, ya zamani sana. Ijumaa ya tarehe 8 Desemba 1961 watu wa kule kwenda misa ni jambo la kutarajiwa kabisa. Tena mimi nilikuwa msichana mdogo Bukoba, na nakumbuka padri alituombea nchi kwenye misa hiyo, kwa sababu Uhuru ulikuwa usiku uleule. Babu aaminiwe.

#27 Mhesabu_Siku
Sista, nimenyoosha mikono. Kalenda ninayo, ila ya sikukuu sikuwa nayo.

#28 Kisiwani_Ng'ambo
Nimezaliwa Irugwa, nimekulia Ukerewe. Wote mmesahau mvua. Mwisho wa 1961 zilinyesha mvua ambazo wazee wa ziwa hawajawahi kuona tena, ziwa likapanda, watu wa ufukweni wakahama, mashamba ya mpunga yakawa maji. Kupanda kwenyewe kuliendelea miaka miwili mitatu. Mvua za ziwa zina radi, na nyumba yenye waya mrefu juu ya mwembe inajua radi ni nini. Kwetu ilikuwa amri: ukiona umeme upande wa ziwa, chomoa waya wa antena, utupe nje ya dirisha. Baba alituchapa kwa hilo kuliko kosa lolote.

Mimi nasema karani aliona radi, akachomoa waya gizani bila kusema, radi ikapita, akaurudisha. Redio ya betri bila antena inabaki na mvumo mdogo tu, watu wakiwa wengi nje huwezi kuusikia. Hapo hakuna aliyegusa redio. Amegusa waya.

#29 FundiValvu
Hii imenigusa. Haipingani na betri mpya na haipingani na mama wa Magomeni. Ila karani achomoe waya saa sita kamili, dakika ileile ambayo amesubiri mwaka mzima? Angeacha nyumba iungue.

#30 Kisiwani_Ng'ambo
Kama una watoto waliokaa kuuzunguka waya huo, utauchomoa.

#31 MwanaPemba_Muscat
Asalaam aleikum. Mimi sina jibu la kimya, nina neno juu ya yule mzee aliyesema Mwingereza amekata waya. Msimcheke. Miaka ile sisi visiwani tulikuwa tukisikiliza Cairo kwa Kiswahili, walianza 1954, na maneno yao juu ya Mwingereza yalikuwa makali, wengine tukifunga madirisha tukisikiliza. Kila sauti ikikwaruza au kufifia tulikuwa tukisema ndio hao wameiziba. Huenda ni mawingu tu! Lakini mtu aliyetawaliwa akisikia redio imenyamaza, wazo lake la kwanza haliwi betri.

#32 BintiMagomeni
@MwanaPemba_Muscat mama amesema "kweli kabisa" kwa sauti, nimeandika kama alivyosema.

Na amenituma niwaulize: kuna anayekumbuka siku ya kawaida ya redio ilivyokuwa? Yeye anasema usiku wa Uhuru kila mtu anauzungumza, lakini redio aliyoipenda ni ya siku nyingine zote. Mchana salamu, mtu wa Lindi anamsalimia mtu wa Kigoma na orodha ya jamaa kumi na tano. Jioni matangazo ya vifo, na nyumba nzima inatulia kwa sababu huwezi kujua litatajwa jina gani. Halafu muziki, Cuban Marimba ya Salum Abdallah kutoka Morogoro, na baba yake anajifanya hasikilizi huku mguu unacheza chini ya meza.

#33 Nyamagana_
Matangazo ya vifo! Kwetu tulipata habari ya msiba wa mjomba hivyo. Barua ilifika siku tisa baadaye. Bibi alikuwa anapepeta mchele, jina likatajwa, akaendelea kupepeta ungo ukiwa mtupu.

#34 Chalinze_Express
Pole sana ndugu.

#35 MitaSitini
Kwetu Iringa ilikuwa taarifa ya saa mbili usiku. Saa zote za nyumbani zinasawazishwa kwa redio, baba anashika saa yake mkononi anasubiri. Siku redio ikichelewa kutaja, hakuna anayekula.

@MjukuuWaNansio rudi kidogo, redio yenyewe ipo?

#36 MjukuuWaNansio
Ipo. Iko juu ya kabati kwa baba mdogo, Nansio. Alama ya wino bado inaonekana kwenye kioo. Mshale hauko tena kwenye alama, watoto wameuchezea. Nyuma kuna tundu la antena na limeungua kidogo pembeni, jeusi.

#37 Kisiwani_Ng'ambo
JEUSI. Nimesema mimi.

#38 FundiValvu
Weusi wa tundu la antena unaweza kuwa wa radi ya mwaka wowote. Redio hiyo imekaa chini ya mwembe miaka mingapi?

#39 MjukuuWaNansio
Miaka 11 mpaka babu mkubwa alipohama.

Nimempigia babu jana jioni, nikamsomea yote, la mama wa Magomeni, la Sista, la radi, la swichi ya uwanja. Alisikiliza mpaka mwisho. La radi alisema mvua ilikuwa imekatika, lakini umeme upande wa Ukara ulikuwa unawaka, hilo anakumbuka. Nikamuuliza kama kaka yake alikuwa amekaa karibu na waya. Akakaa kimya kidogo, akasema kaka yake hakuwa amekaa. Alikuwa amesimama dirishani, ndani, peke yake. Yeye alidhani amesimama hivyo ili watu wasimwone akilia.

Hajawahi kulisema hilo katika zile mara ishirini.

#40 SrMstaafu_Bukoba
Msalimie sana. Usimuulize tena wiki hii, mwache apumzike.

#41 MjukuuWaNansio
Sawa, Sista. Asanteni wote.

#42 Mitambo_Moja
Bado nasema swichi.

#43 FundiValvu
Mjukuu, nipigie picha ya nyuma ya redio kifuniko kikiwa wazi, taa zionekane namba zake. Ninazo chache nilizorithi, na betri naweza kukuundia kwa kuunganisha ndogondogo kumi za volti tisa tisa, na moja kubwa ya tochi kwa ajili ya nyuzi. Usiiwashe mwenyewe kabla sijaona.

#44 Kandokando
Ikiwaka tuwekeeni sauti hapa.